Kukubali kwa Kijerumani cha Mazungumzo: Zaidi ya "Ja"

Nimeandika mwongozo huu baada ya kumfundisha mdogo wangu, anayejiandaa kwenda kusomea uuguzi nchini Ujerumani. Vitabu vyake vilimpa "ja" ("ndiyo") peke yake, ilhali Wajerumani hukubaliana kwa maneno mengi mafupi, kila moja na mahali pake.

Hatua ya kwanza. Mtu akisema jambo la kweli, jibu "stimmt", linalotamkwa "shtimt". Akisema lile lile ulilokusudia wewe, jibu "genau".

Hatua ya pili. Ukiombwa kitu, sema "klar", ukialikwa, "gerne". Huko Bavaria na Austria utasikia sana "passt", yaani "sawa". "Jawohl" liache, kwani husikika kama askari anayepokea amri.

Hatua ya tatu ni maswali ya kukanusha, na hapa usiharakishe. Sisi tukiulizwa "Huna njaa?" hujibu "Ndiyo, sina", kwa sababu tunakubaliana na kauli ya muulizaji. Mjerumani haangalii kauli ya muulizaji, bali jibu lenyewe: likiwa na neno la kukanusha, "nicht" au "kein", ndani yake, huanza na "nein" ("hapana"). Mwenyeji wangu aliponiuliza "Hast du keinen Hunger?", nami nimeshiba, nilijibu "ja", akabaki na sahani mkononi asijue kama apakue au aache. Nilipaswa kusema "nein". Kama ningekuwa na njaa, jibu lingekuwa "doch", ambalo "ch" yake hutamkwa kama "kh" ya "kheri", na ambalo hulipindua kanusho lolote, liwe swali au kauli. Mtu akikuambia tu kwamba jambo fulani si rahisi, nawe unaona hivyo hivyo, "stimmt" bado inafaa, na mimi huipendelea kuliko "nein" kwa kuwa haimchanganyi mgeni. Zoezi lililomsaidia mdogo wangu ni kuulizwa maswali kumi ya kukanusha kila jioni, akijibu kwanza kwa sentensi nzima, kisha ndipo aweke "nein" au "doch" mbele yake.

Hatua ya nne. "Mimi pia" ni "ich auch", lakini mwenzako akianza na "mir", kama katika "mir ist kalt" ("nasikia baridi"), jibu "mir auch". Kwa kanusho, ongeza "nicht".

Hatua ya tano. Usiseme "jaja" kwa haraka ukidhani unatilia mkazo, maana Mjerumani husikia kwamba umechoka kumsikiliza.