Kompyuta Imekataa Kuwaka au Imekuwa Nzito: Utaratibu wa Kutafuta Hitilafu Kabla ya Kununua Kifaa

Mwanzoni mwa masika yaliyopita, maalim mmoja wa skuli ya pwani ya kusini Unguja aliniletea kompyuta ya mezani ambayo ilikuwa haioneshi chochote kwenye skrini. Kabla ya kunifikia mimi ilikuwa imeshabadilishwa pawasaplai (kisanduku kinachogawa umeme ndani ya mashine) na kijiti cha RAM (kumbukumbu ya muda), vyote vipya na vyote kwa fedha yake, na bado feni ilizunguka huku skrini ikibaki nyeusi. Nilipoifungua na kumulika kwa tochi, niliona ndani ya soketi za RAM ukoga wa kijani uliochanganyika na weupe wa chumvi. Niliusugua kwa brashi laini iliyotiwa spiriti, nikaiacha ikauke, nikarudisha kijiti chake cha zamani, na mashine ikawaka. Pawasaplai ya zamani nayo, nilipoipima, ilikuwa nzima.

Utaratibu ninaoueleza hapa ndio ninaoutumia mezani kwangu kila siku: naanza na kilicho nje na chepesi kupimwa, naingia ndani kidogo kidogo, nabadilisha jambo moja tu kwa wakati mmoja, na siigusi programu mpaka vifaa vithibitike kuwa vizima. Nimeuandika kwa mtu wa Unguja na Pemba, kwa kuwa bahari na umeme wa visiwani huzipa mashine maradhi ambayo miongozo iliyoandikwa kwa nchi kavu na za baridi huyataja mwisho, kama huyataja.

Vifaa vinavyohitajika si vingi: bisibisi ya nyota, brashi laini ya rangi ambayo haijapata kutumika, spiriti ya isopropili yenye nguvu ya asilimia 90 au zaidi, raba nyeupe ya penseli, mita ya kupimia umeme, na flashi moja unayoiamini.

Hatua ya kwanza: uliza, kisha andika

Muulize mwenye mashine ilikuwa ikifanya nini mara ya mwisho ilipokuwa nzima. Je, umeme ulikatika na kurudi kwa nguvu? Je, ilihamishwa, ilimwagikiwa na chai, au iliwekewa programu mpya? Je, hukataa asubuhi ikakubali mchana? Majibu yaandike kwenye daftari pamoja na kila unachokifanya baadaye, maana ukishabadilisha vitu vitatu bila kuandika, hutajua ni kipi kilichoponya na kipi kilichoharibu. Na kama mashine bado inawaka, hata kwa shida, nakili kwanza kazi za mwenyewe kwenye diski nyingine. Kifaa hununuliwa tena, lakini picha za harusi na matokeo ya wanafunzi hayanunuliwi.

Hatua ya pili: thibitisha umeme

Mashine isiyoonesha dalili yoyote ya uhai, yaani haina taa, haina feni wala mlio, ichunguze kuanzia ukutani. Chomeka taa au chaja ya simu kwenye soketi ileile uone kama inafanya kazi, kisha ondoa ekstensheni na uchomeke mashine moja kwa moja. Plagi zetu za pini tatu bapa zina fyuzi ndani yake, na ni wengi wanaosahau jambo hilo. Ifungue plagi, itoe fyuzi na uipime kwa mita kabla ya kuihukumu kompyuta. Umeme wa nyumbani hukusudiwa kuwa volti 230. Ukiona mita inacheza chini sana au juu sana ya hapo, tatizo halimo ndani ya mashine.

Kwa kompyuta ya mezani, chomoa waya wa umeme, tenganisha pawasaplai na mazabodi (bodi kuu inayounganisha vifaa vyote), kisha kwenye plagi kubwa ya pini 24 unganisha waya wa kijani na waya wowote mweusi kwa kipande kifupi cha waya. Hapo ndipo urudishe umeme. Feni ya pawasaplai ikizunguka, pima: waya wa njano utoe kati ya volti 11.4 na 12.6, mwekundu kati ya 4.75 na 5.25, na wa rangi ya chungwa karibu na 3.3. Kipimo hiki hakimalizi shaka yote, kwa kuwa pawasaplai dhaifu huweza kuonesha namba nzuri ikiwa haina mzigo kisha ikaanguka inapoanza kubeba kazi, lakini iliyokufa huibaini mara moja. Pawasaplai yenyewe usiifungue. Kapasita zake huhifadhi umeme wa kutosha kukudhuru hata baada ya kuchomolewa.

Kwa kompyuta mpakato, ondoa chaja, toa betri kama inatoka, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde 30, kisha rudisha chaja peke yake na ujaribu. Ni jambo jepesi, na limeshaniponyea mashine nyingi zilizoganda baada ya umeme kukatika ghafla. Ikiwa chaja si ya asili, soma maandishi yaliyo juu yake: volti lazima zilingane na zilizoandikwa chini ya kompyuta, na ampia ziwe sawa au zaidi, kamwe zisiwe pungufu.

Unguja hupata umeme wake kutoka bara kwa waya uliopita chini ya bahari, na Pemba nayo ikaunganishwa na Tanga kwa njia kama hiyo mwaka 2010. Wanaokumbuka kipindi cha Desemba 2009 hadi Machi 2010, Unguja ilipokaa gizani kwa karibu miezi mitatu, wanajua pia jinsi jenereta ndogo zilivyotumika kuendeshea kila kitu. Jenereta ndogo isiyo na kidhibiti kizuri hupandisha na kushusha volti kila mzigo unapobadilika, na pawasaplai huchoka kwa mtikisiko huo taratibu, bila mwenyewe kujua. Kama ofisi yako bado hutegemea jenereta, weka UPS (kifaa chenye betri ya akiba) au stabilaiza (kifaa cha kutuliza volti) kati yake na kompyuta.

Hatua ya tatu: tafuta chumvi, unyevu na vumbi

Hapa naomba msomaji atulie, kwa sababu hii ndiyo hatua inayorukwa zaidi, na kwa uzoefu wangu ndiyo inayoeleza matatizo mengi ya visiwani. Upepo wa bahari hubeba chembe ndogo za chumvi, na feni ya kompyuta huzivuta na kuzilaza juu ya mazabodi pamoja na vumbi. Chumvi kavu haina madhara makubwa. Lakini unyevu wa hewa ukivuka takriban asilimia 75, chumvi hiyo huvuta maji kutoka hewani mpaka ikayeyuka yenyewe, na maji ya chumvi hupitisha umeme pale usipotakiwa kupita na kuitafuna shaba. Ndiyo sababu mashine huweza kufanya kazi vizuri wakati wote wa kaskazi, kisha ikaanza vituko mvua za masika zinapoingia, na ndiyo sababu nyingine hukataa asubuhi ya unyevu ikakubali saa sita mchana baada ya chumba kupata joto. Mwenye mashine akikueleza habari hiyo ya asubuhi na mchana, karibu ameshakutajia ugonjwa.

Chomoa kila waya, bonyeza kitufe cha kuwashia ili umeme uliobaki umalizike, kisha gusa chuma cha kasha kabla ya kugusa chochote ndani. Fungua ubavu. Vumbi kavu liondoe kwa brashi ukiwa nje, penye hewa, na uizuie feni kwa kidole ili isizunguke ovyo. Vijiti vya RAM vitoe, na meno yake ya rangi ya dhahabu yasugue kwa raba polepole mpaka yang'ae, kisha yapanguse kwa spiriti. Ndani ya soketi usitie raba. Tumia brashi iliyoloweshwa spiriti, na ufanye hivyohivyo kwenye ncha za waya za diski na penye kutu ya kijani. Usitumie maji ya bomba wala spiriti ya dukani iliyotiwa rangi, kwa kuwa huacha mabaki. Acha mashine wazi kwa angalau nusu saa kabla ya kurudisha umeme.

Ikiwa kutu imeshakula njia ya shaba hata ikakatika, hapo kazi ni ya fundi mwenye hadubini na chuma cha kulehemu kidogo.

Hatua ya nne: punguza mpaka kibaki cha lazima

Feni ikizunguka na skrini ikabaki nyeusi, kwanza jaribu skrini na waya wake kwenye kompyuta nyingine. Zikiwa nzima, chomoa diski, printa, flashi na kadi za ziada, ubakishe prosesa (chipu kuu inayofanya kazi zote), kijiti kimoja cha RAM na pawasaplai. Jaribu kijiti hicho katika kila soketi, kisha jaribu kingine. Mazabodi nyingi hulia kwa milio maalumu RAM isiposomeka, na maana ya milio hiyo imo katika kitabu cha mazabodi. Mashine ikiwaka ikiwa na vitu vichache hivyo, rudisha kimoja kimoja, ukiwasha kila mara; kile kitakachoizima ndicho chenye kosa.

Hatua ya tano: pima joto

Mashine inayozimika ghafla baada ya dakika kumi au ishirini, au inayokuwa nzito kila inapofanya kazi kubwa, mara nyingi ina joto. Prosesa nyingi hujipunguzia kasi zinapokaribia nyuzi 95 hadi 100 za Selsiasi, na zikizidi hapo hujizima ili zisiungue. Safisha mapezi ya alumini yanayopoza, hakikisha feni inazunguka bila kukwama, na kama pesti iliyo kati ya prosesa na kipoza imekauka kama chokaa, ipanguse kwa spiriti na uweke mpya kiasi cha punje ya mchele. Kompyuta mpakato isiwekwe juu ya godoro au mto, maana matundu yake ya hewa yako chini.

Hatua ya sita: sikiliza diski

Diski kuu ya aina ya zamani inayogonga kwa mlio unaojirudia iko njiani kufa, na kila dakika inayozunguka huenda ikawa ya mwisho. Nakili kazi mara moja, wala usiendeshe amri ya kurekebisha diski kabla ya kunakili, kwa sababu amri hiyo huilazimisha kusoma kila sehemu na huweza kuimaliza kabisa. Kama haigongi, programu ya bure iitwayo CrystalDiskInfo itakuonesha hali yake kwa rangi: buluu ni salama, njano ni onyo, nyekundu ni hatari. Nikiona njano, mimi hubadilisha. Ikiwa diski ni nzima ila mashine ni nzito tangu inapowaka, kuitoa diski ya kuzunguka na kuweka SSD (diski isiyo na kitu kinachozunguka) ndiyo marekebisho yenye faida kubwa kuliko yote ninayoyajua kwa kompyuta ya miaka saba au minane.

Hatua ya saba: sasa ingia kwenye programu

Kwanza tazama tarehe. Mashine inayorudi nyuma miaka kila inapozimwa, na kisha kudai kwamba tovuti zote si salama, imeishiwa betri ndogo ya mviringo ya mazabodi, aina ya CR2032 ya volti 3, ambayo bei yake ni ndogo sana. Nimeona watu wakifuta mfumo mzima kwa sababu ya betri hiyo.

Kwa Windows isiyotulia, shikilia kitufe cha Shift huku ukichagua kuwasha upya, kisha ingia katika hali salama (Safe Mode), ambamo Windows huwasha vitu vya lazima tu. Ikitulia humo, kosa liko kwenye draiva (programu inayoendesha kifaa) au programu iliyowekwa karibuni, iondoe. Isipotulia, fungua dirisha la amri kwa mamlaka ya msimamizi na uandike sfc /scannow, ambayo hukagua mafaili ya mfumo na kurudisha yaliyoharibika. Ukitaka kujua ni nini kinachokula kasi, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja na uangalie safu za prosesa, kumbukumbu na diski. Windows 10 iliacha kupata masasisho ya usalama ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo mashine inayobaki nayo iangaliwe kwa makini zaidi inapotumika kwenye intaneti.

Tatizo la flashi nalo linahitaji neno, kwa kuwa hapa kwetu kazi nyingi huchapishwa kwenye maduka ya kopi, na flashi moja hupita kwenye mashine nyingi kwa siku. Ukifungua flashi ukakuta kila folda imegeuka njia ya mkato, usiifomati na usibofye chochote, kwa kuwa mafaili yako bado yamo ila yamefichwa. Ikague kwanza kwa programu ya kuzuia virusi, kisha kama flashi inaonekana kwa herufi E, andika kwenye dirisha la amri attrib -h -r -s /s /d E:\*.* nayo yataonekana tena. Futa zile njia za mkato, na ikague kompyuta yenyewe pia, la sivyo flashi itaambukizwa tena siku hiyohiyo.

Mashine ikishapona, usimrudishie mwenyewe papo hapo. Mimi huiacha ikifanya kazi kwa saa tatu au nne, naizima na kuiwasha mara kadhaa, na zile zilizokuwa na ugonjwa wa unyevu huzilaza mezani usiku mmoja ili niziwashe alfajiri, kabla jua halijaupasha moto ukuta wa karakana. Ile ya maalim iliwaka alfajiri mbili mfululizo, ndipo nikampigia simu aje kuichukua pamoja na pawasaplai yake ya zamani.