SOMO: Kusimamia sahani yako ukiwa kwenye grupu la kupungua

Wapendwa habari za saa hizi, poleni na baridi hasa wa Uyole na Makete. Meseji zinazonijia sana siku hizi zinafanana, mtu kaingia grupu la kupunguza uzito, kaanza vizuri, afu kaacha, na ukimuuliza anakwambia chakula alikiweza ila watu ndio walimshinda. Nyumbani wanamwambia kula, kwenye grupu wanamwambia usile, yeye yuko katikati anakula kwa kujificha au anashinda njaa kwa aibu. Kwaiyo leo tunajifunza kujisimamia pande zote mbili, nyumbani na kwenye grupu.

HATUA YA 1. Amua kabla hujatoka nyumbani
Ukisubiri mpaka hotipoti la wali wa Kyela lifunuliwe mbele yako umeshachelewa. Kama ni sendoff au msiba, jua mapema utakula nini na kiasi gani. Mi napendekeza ile ya nusu sahani mboga, robo wanga (ugali, wali, ndizi, viazi, chagua kimoja), robo nyama au maharage au samaki.

HATUA YA 2. Sentensi moja, fupi, usiitolee sababu
"Asante mama, hii inanitosha." Basi. Ukianza kutoa sababu umefungua mnada. Ukisema uko dayati utaambiwa dayati ya nini na wewe ulivyokonda hivyo, watu watasema mume hakulishi. Ukisema tumbo linauma utachemshiwa tangawizi na chakula utafungiwa uende nacho. Akirudia, na wewe rudia maneno yaleyale kwa sauti ileile, usipande usishuke, uso uwe na tabasamu.

Kwa mama wakwe wa Tukuyu hapa pana kitu cha kuangalia sana, angalia upawa. Chakula kikishaingia kwenye upawa tayari ni chako, kukirudisha chunguni ni kumdhalilisha mzee mbele za watu. Kwaiyo weka kiganja taratibu juu ya sahani kabla upawa haujazama, mwambie "ndaga fijo mama (yani asante sana mama, kwa Kinyakyusa), nimeshiba vizuri", na usifie kitu kimoja cha kweli, kama maharage yameiva vizuri sema yameiva vizuri. Nimeona wamama wengi wakiridhika hapo hapo, maana wanachokitaka ni kujua umepokea upendo wao.

HATUA YA 3. Wahi kusema
Msibani na kwenye sherehe kuna watu wa kupakua, mwambie dada ukiwa bado unamkaribia, "nipunguzie wali niongezee kabichi". Soda ndo kabisa, anayegawa anafungua chupa kwanza afu ndo anakuangalia, sasa ukishafunguliwa unaona vibaya kuikataa. Sema "mi maji" kabla kifungulio hakijagusa chupa. Soda ya kawaida ya mililita 350 ina sukari kama gramu 35 na kuendelea, wakati Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima wa kalori 2,000 kwa siku asivuke gramu 50, na ikiwezekana abaki chini ya 25. Yani chupa moja tu imeshavuka hiyo 25 na hujagusa keki.

HATUA YA 4. Lisimamie na grupu lenyewe
Hapa ndo watu wananyamaza na mi naumia sana. Mtu akiwa na picha nzuri za kabla na baada anageuka daktari wa wote, marufuku ugali, marufuku ndizi, marufuku viazi, nunueni unga wangu wa sheki (ule wa kukoroga unywe badala ya chakula). Jamani sisi ni watu wa Nyanda za Juu, viazi na ndizi na mahindi ndo vilivyopo shambani, ukimwambia mama wa Rungwe asile ndizi unamwambia ale nini? Tatizo letu kubwa ni kiasi na mafuta. Gramu moja ya mafuta ina kalori 9, ya wanga ina 4. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ya kupikia ni kalori kama 120, kwaiyo viazi vya kuchemsha na chipsi havifanani hata kidogo ingawa vimetoka gunia moja. Na parachichi ni zuri kweli ila lina mafuta mengi, nusu inatosha.

Kwaiyo ukipewa amri andika kwa upole, "Asante nimeisoma, mi naendelea na mpango wangu." Usibishane, usimtukane admin, ila usikubali kwa mdomo kitu ambacho hutakifanya. Na wakianza mashindano ya kushuka kilo tano kwa wiki kaa pembeni, mwendo wa kawaida ni nusu kilo mpaka kilo moja kwa wiki.

Hili naomba lisomwe mara mbili: kama unatumia insulini au vidonge vya kisukari, au ni mjamzito, au unanyonyesha, usiingie funga ya grupu bila kuongea na daktari wako. Sukari inaweza kushuka ghafla, unatoka jasho, unatetemeka, unachanganyikiwa.

HATUA YA 5. Ukiamua kula, kula
Chapati ya Krismasi uliyoipanga uile kwa amani mezani na wenzio, huna haja ya kuitolea maelezo kwenye grupu.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Dada mume wangu hapendi mboga za kuchemsha, anasema najinyima na namnyima na yeye. Nifanyeje?
Jibu: Pole mdogo wangu. Usiongelee mezani, subiri mkiwa wawili na hana njaa. Omba kitu kimoja tu kinachoeleweka, mfano "naomba mboga yangu niitoe kabla sijaweka mafuta ya kwako". Sufuria ni lilelile, gharama ileile. Mara nyingi mwanaume anaogopa kupikwa vyakula viwili, akiona si hivyo analegea.

Swali: Kwenye kikoba chetu hapa Mwanjelwa kuna chai na maandazi kila kikao, nisipokula wanasema najidai.
Jibu: Kunywa chai, kaa nao, cheka nao. Andazi pitisha kwa wa pembeni bila kusema kitu. Na mchango wako wa chai toa kamili, ukianza kukata hela ndo maneno yatakuja.

Swali: Admin anataka kila mtu atume picha ya mzani Jumatatu, mi sitaki.
Jibu: Mwambie inbox, sio mbele za watu: "Uzito wangu nafuatilia mwenyewe, nitatoa taarifa nikiwa tayari." Akikusema hadharani baada ya hapo, toka, magrupu yapo mengi.

Swali: Shikamoo dada, niko Iringa, nikienda kijijini wazee wananipa ulanzi (pombe ya mianzi), kukataa naogopa.
Jibu: Marahaba mdogo wangu. Pokea kwa mikono miwili, shukuru, onja kidogo kama unakunywa pombe, afu mpe mkubwa aliye karibu nawe. Kama hunywi kabisa sema mapema unaposalimia, kabla hujamiminiwa. Na kama una dawa unatumia hiyo itaje wazi, hapo sababu inaruhusiwa.