Somo: Kupima kasi ya mmenyuko kwa alama ya X

Ukichanganya sodiamu thiosalfeti na asidi hidrokloriki, salfa hujitenga kidogo kidogo na mchanganyiko huwa na ukungu wa njano. Ukitazama kutoka juu, alama ya X iliyo chini ya chupa hufifia mpaka ipotee.

Na₂S₂O₃ + 2HCl → 2NaCl + S + SO₂ + H₂O

X ikipotea, mmenyuko bado haujaisha. Mnachopima ni muda unaohitajika kupata salfa ya kutosha kuificha alama. Kiasi hicho kisipokuwa kilekile kila mara, namba zenu hazilinganishiki.

Maandalizi

Thiosalfeti ya 0.15 M (M ni moli kwa lita): yeyusha gramu 37.2 za fuwele (Na₂S₂O₃·5H₂O) na ujaze maji hadi lita 1. Soma lebo ya kopo kwanza. Kama ni unga usio na maji ndani yake, pima gramu 23.7 tu, la sivyo myeyusho utakuwa mkali kupita kiasi na X itapotea upesi mno.

Asidi ya 2 M: mimina polepole cm³ 83 za asidi ya 12 M kwenye maji kama cm³ 300, kisha ongeza maji hadi 500. Kamwe usimimine maji kwenye asidi kali. Vaa miwani, fungua madirisha. Gesi ya SO₂ (salfa dioksidi) ni sumu, na mwenye pumu akae mbali.

Hatua

1. Chora X nyeusi kwenye karatasi nyeupe. Tumia karatasi hiyohiyo na chupa ya koni hiyohiyo hadi mwisho.

2. Pima thiosalfeti na maji kwa cm³: 50+0, 40+10, 30+20, 20+30, 10+40. Jumla ibaki 50. Wengi huacha maji wakidhani hayana kazi. Bila maji ukolezi haupungui inavyotakiwa, na kina cha kimiminika nacho kinapungua, kwa hiyo jicho linapenya ukungu mwembamba zaidi.

3. Ongeza cm³ 10 za asidi kwa mkupuo mmoja na uanze saa papo hapo. Tikisa mara mbili, weka juu ya X. Asidi iwe na silinda yake ya kupimia; matone yake yakiingia kwenye silinda ya thiosalfeti, salfa itaanza kutoka kabla ya saa.

4. Atazame mtu mmoja kwa majaribio yote, maana macho hayafanani.

5. X ikipotea, mwaga kwenye ndoo yenye myeyusho wa sodiamu kaboneti, unaoua asidi na kunasa SO₂. Sugua chupa: utando wa salfa ukibaki kwenye kioo, jaribio linalofuata litaonekana la haraka kuliko lilivyo. Futa pia kitako cha chupa, kisije kikalowesha karatasi.

Kasi chukua kama 1/t, t ikiwa sekunde zilizopita hadi X kupotea. Mfano: cm³ 50 zikitoa sekunde 25, kasi ni 0.040, cm³ 20 zitegemewe kutoa karibu sekunde 62, kasi 0.016. Grafu ya 1/t dhidi ya ujazo wa thiosalfeti ni mstari mnyoofu unaopita sifuri.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, grafu yangu inapinda kwenda juu kwenye ukolezi mkubwa. Kwa nini?*
Huenda saa inachelewa kuanzishwa. Kuchelewa sekunde 3 katika 25 kunaumiza. Katika 120 hakuonekani.

*Naweza kutumia cm³ 5 za asidi ili niokoe?*
Hapana. Cm³ 50 za thiosalfeti ni moli 0.0075, zinazohitaji moli 0.015 za HCl. Cm³ 5 zinatoa 0.010, asidi inakuwa pungufu. Cm³ 10 zinatoa 0.020, ipo ya ziada.

*Ukipasha joto, kasi inaongezeka kwa sababu chembe zinagongana mara nyingi zaidi, sivyo?*
Hiyo ni sehemu ndogo sana. Kutoka 25°C hadi 35°C migongano huongezeka chini ya asilimia 2, ilhali kasi hukaribia kuwa maradufu. Kinachoongezeka hasa ni idadi ya chembe zenye nishati ya kutosha kuvuka kizingiti cha mmenyuko. Andika hivyo kwenye mtihani.

*Nipashe hadi nyuzi ngapi?*
Ishia 55°C. Pasha thiosalfeti peke yake kwenye maji ya moto, na usome kipimajoto baada ya kuchanganya, kwani asidi baridi hushusha joto. Ukizidi hapo, SO₂ hutoka kwa wingi na muda unakuwa mfupi kiasi kwamba mkono kwenye saa hauwezi kuufuata.