ATV nyuma ya gari: tela, pikapu au Canter?

Karakana yangu iko Igoma, Mwanza. Nachomelea mageti, bodi za kirikuu na tela. Siku hizi wanaokuja kuniuliza habari za ATV, yaani pikipiki ya matairi manne, ni wengi kuliko zamani: wenye ng'ombe upande wa Magu, wenye hoteli za ufukweni, wenye mashamba huko Sengerema. Mteja akifika husema, "Fundi, nitengenezee kitu nibebe hii mashine nyuma ya gari." Kabla sijashika futi namuuliza maswali mawili: ina kilo ngapi, na utaishushia wapi? Gari ulilonalo ni swali la tatu.

Tuanze na kilo. ATV ya kazi za shamba, ile yenye keria mbele na nyuma, huwa kati ya kilo 280 na 400. Ukisoma karatasi zake uwe mwangalifu, maana viwanda vingine huandika uzito mkavu, bila mafuta wala oili. Tangi la lita 18 likijaa petroli ni kilo 13 hivi. Weka winchi ya kujivutia kwa waya, weka sanduku la spana, weka dumu uliloacha kwenye keria kwa uvivu, na kilo 40 zimeshaongezeka.

Sasa njia zenyewe. Ya kwanza niitoe mezani haraka: keria ya kuchomeka kwenye ndoano ya nyuma, kama zile za kubebea baiskeli. Nimeombwa kuitengeneza kwa ajili ya ATV na nimekataa. Ndoano nyingi za magari ya kawaida hubeba wima kilo 75 hadi 150, na mzigo unaoning'inia nusu mita nje ya bampa unaibinya ndoano kuliko uzito wake halisi. Gari likiruka tuta, ndiyo basi.

Njia nyingine ya kutupa ni kuifunga kamba na kuikokota kwa matairi yake yenyewe. Matairi ya ATV hujazwa upepo kidogo sana, psi 5 hadi 7, kwa ajili ya matope na mchanga. Kwenye lami kwa mwendo wa gari yanachemka. Breki hakuna anayezishika, na gia za mashine nyingi hazitakiwi kuzungushwa na magurudumu huku injini imezimwa.

Kirikuu? Kiwandani Japani imepewa kilo 350 za mzigo. ATV ndogo ya kilo 200 itakaa vizuri. Ile ya kilo 330 yenye winchi, unakuwa umefika ukutani, tena mzigo uko juu na gari ni jembamba. Kuna watu huja niwaongezee spring. Naweza kuongeza, lakini spring haiongezi breki.

Pikapu ndiyo watu wanayoiamini zaidi, na hapo ndipo futi inahitajika. Hilux dabo kabini ina bodi ya mita 1.5 hivi. ATV ya kazi, kutoka ncha ya tairi la mbele mpaka katikati ya ekseli ya nyuma, ni kama mita 1.6, kabla hujahesabu bampa lake. Maana yake magurudumu ya nyuma hayafiki ndani. Yanakaa juu ya mlango wa nyuma ulioshushwa, nao unashikiliwa na nyaya mbili au mikanda miwili ya chuma. Ile milango haikutengenezwa kubeba nusu ya mashine kutoka Mwanza hadi Bunda. Singo kabini yenye bodi ya mita 2.3 haina shida hiyo. Pima pia upana kati ya matuta ya magurudumu ndani ya bodi, kwa sababu ATV nyingi zina mita 1.2 kwa upana na zinaweza kupanda juu ya matuta hayo na kukaa upande.

Kwa anayehamisha mashine mara chache kwa mwaka, ushauri wangu unaninyima kazi lakini nautoa hivyo hivyo: kodi Canter. Bodi ni ndefu, uzito ni mdogo kwake, na dereva wa Canter amezoea kufunga mizigo. Hakikisha tu mna mahali pa kushushia, kwa sababu bodi yake iko juu.

Tela ni kwa anayehamisha mashine mara kwa mara, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo ninapoona mambo ya ajabu.

Tela la chuma la ekseli moja, lenye ukubwa wa kutosha ATV moja, lina kilo 250 hadi 350 likiwa tupu. Jumlisha na mashine: unavuta kilo 650 au zaidi bila breki za tela. Prado, Hilux, hata RAV4 nzima itamudu. IST hapana, hata kama jirani yako anafanya. Angalia kitabu cha gari kinasema livute kilo ngapi.

Kisha kile kichwa cha duara cha kuvutia tela, kilicho nyuma ya gari. Vingi hapa ni vya milimita 50, lakini vipo vya Kimarekani vya inchi 1 na 7/8, yaani milimita 47.6 hivi. Mdomo wa tela wa milimita 50 ukiuweka juu ya kichwa hicho kidogo utajifunga, utatoa mlio, utaonekana mzima kabisa. Ukifika kwenye rasta za barabarani unaruka. Soma namba iliyogongwa juu ya kichwa na iliyogongwa kwenye mdomo. Namba ikifutika, pima kwa kalipa. Ukishafunga, inua mkono wa tela, yaani lile bomba la mbele lenye mdomo, kwa jeki: mgongo wa gari uinuke pamoja nao. Minyororo miwili ya usalama ipite kwa kupishana chini ya mkono huo, ili tela likichomoka liangukie kwenye minyororo badala ya lami.

Uzito unaokalia kichwa ndio unaoamua kama tela litatulia au litayumba. Unatakiwa uwe karibu asilimia 10 ya jumla. Kwa kilo 650, ni kilo 65. Ukipungua, yaani mashine imekaa nyuma mno ya ekseli, tela linaanza kucheza kushoto na kulia kuanzia kilomita 70 kwa saa, na kukanyaga breki ghafla kunaweza kulizidisha. Mimi napima kwa mizani ya kuning'iniza, ile ile ya pamba na sato: naifunga kwenye boriti ya karakana, ndoano naipitisha kwenye mkono wa tela, nainua mpaka liwe sawa na kimo litakachokuwa nacho nyuma ya gari, nasoma. Kisha nasogeza ATV mbele au nyuma mpaka namba ikubali, na napiga rangi sakafuni pale magurudumu ya mbele yaliposimama. Mwenye tela hahitaji kupima tena mradi mashine ni ile ile.

Ukiazima tela la boti, na pwani hii yapo, kagua beringi kwanza. Yanazamishwa ziwani kila wiki. Maji yakiingia, grisi inageuka uji. Zungusha gurudumu kwa mkono ukisikiliza. Halafu matela hayo hayana sakafu, kwa hiyo utahitaji mbao nene zilizofungwa kwa bolti. Tela lenyewe liwe na usajili na namba yake, taa za breki na indiketa zinazowaka, na viakisi vyekundu nyuma. Trafiki wa Nyanguge akikusimamisha hataki hadithi.

Kupandisha kunaumiza watu kuliko safari yenyewe. Kwa bodi yenye kimo cha sentimita 85, rampu ziwe na urefu wa angalau mita 2.4, fupi zaidi ya hapo mashine inainuka kama ukuta na kukulalia kifuani. Afadhali uegeshe pikapu chini ya mwinuko, na Mwanza hatuna uhaba wa miinuko, ili rampu zilale. Zifunge rampu kwenye gari kwa mnyororo, kwa sababu magurudumu yakisukuma zinataka kurudi nyuma. Kama mashine ina winchi, itumie na usimame pembeni. Kama unapanda nayo, weka gia ya chini kabisa, na mtu yeyote asisimame nyuma yako.

Kufunga: handibreki, gia au P, mafuta yafungwe kama kuna swichi yake. Mikanda minne ya recheti, kila kona mmoja, kila mkanda wa kubeba kilo 500 kwa lebo yake ya kazi, si ile namba kubwa ya kukatikia. Ushike kwenye chesisi, siyo kwenye keria wala usukani. Kaza mpaka shokomzoba zishuke kama theluthi, ili mashine isirukeruke. Kamba ya nailoni inanyooka, hasa ikilowa. Ya katani ikilowa inakaza na ikikauka inalegea. Zote ziache kwa magunia. Simama baada ya kilomita 20 ukaze tena. Ukitokea mjini kwenda Bunda, Kisesa ni pazuri pa kufanyia hivyo.

Njiani, 50 kwenye makazi ni sheria, na kwingine mimi sizidi 70 na tela. Kwenye daraja la Kigongo–Busisi, kilomita 3 juu ya maji tangu lifunguliwe Juni 2025, upepo wa pembeni unalisukuma tela hata kama umeshika usukani sawasawa. Punguza kabla hujaingia. Anayepita Kamanga kwa pantoni aangalie pale mlango wa chombo unapokutana na nchi kavu: mkia wa tela lililo chini unakwaruza, na taa ndizo za kwanza kuvunjika.

Kwenye kushusha, zuia magurudumu ya gari kwa mawe au kabari kabla ya kugusa recheti yoyote. Gari lisimame penye ardhi ngumu, kwa sababu kwenye udongo mweusi wa mbuga wakati wa masika rampu moja inazama na nyingine inabaki. Fungua mikanda ya nyuma kwanza. Ya mbele iachwe mpaka mtu awe ameshika breki ya mashine.