Kununua M1911 iliyostaafu jeshini: mwongozo kwa Waswahili tulioko Marekani

Katika bastola zote za kijeshi zinazouzwa kwa raia Marekani, ninayoulizwa zaidi ni M1911. Ni ile ya risasi za .45 aliyoibuni John Browning, jeshi likaipokea mwaka 1911, na bastola ya Beretta ikaanza kushika nafasi yake mwaka 1985. Wengi huanza na "kaka, bei gani?" Mimi huanza na karatasi zako, kisha chuma chenyewe. Bei tutaifikia.

Hatua ya 1: Jipime kisheria kabla ya kutoa senti

Mwenye viza ya muda, kwa mfano ya masomo au ya utalii, kwa kawaida haruhusiwi kumiliki silaha wala risasi. Ipo misamaha michache, kama ya mwenye leseni halali ya uwindaji, lakini usiiegemee bila kuzungumza na mwanasheria. Mwenye Green Card anaweza kununua dukani kama mkazi mwingine yeyote. Ila njia moja nitakayoieleza hapa chini inataka uraia.

Kwa bastola, duka linataka uwe umetimiza miaka 21. Juu ya sheria ya nchi kuna ya jimbo. Hapa Minnesota, kwa mfano, unapeleka kwanza ombi la kibali cha kununua kwa polisi wa mji wako au kwa sherifu. Jimbo la jirani linaweza kuwa na utaratibu mwingine kabisa, kwa hiyo usifuate maneno ya binamu aliyeko Texas.

Dukani utajaza fomu 4473 ya serikali kuu. Isome yote. Kuna swali kuhusu matumizi ya dawa zilizokatazwa, na fomu yenyewe inasema bangi bado inahesabika hata kama jimbo lako limeiruhusu. Wenzetu husahau mirungi. Kathinoni iliyomo kwenye jani bichi iko kwenye orodha kali kabisa ya dawa zilizopigwa marufuku Marekani, kwa hiyo anayekaa barazani kila Ijumaa na kifurushi chake alifikirie swali hilo vizuri. Kudanganya kwenye fomu ni kosa la jinai.

Jambo jingine: shemeji hana karatasi, anakupa hela umnunulie kwa jina lako. Hapana. Hata kama shemeji ni mtu wa swala tano. Wewe utafungwa, na kwa asiye raia kosa la silaha linaweza kumaliza safari yote ya Marekani kwa kurudishwa nyumbani.

Hatua ya 2: Chagua njia

Njia tatu zinafaa.

Ya kwanza ni Civilian Marksmanship Program, CMP kwa kifupi, shirika la kuwafundisha raia kulenga shabaha, lenye ofisi Anniston, Alabama. Bunge liliruhusu jeshi liwapelekee bastola hizi kutoka maghalani, na maombi ya kwanza yalipokelewa Septemba 2018. Yalikuja maelfu kwa maelfu, ikabidi kompyuta ipange foleni kwa namba za bahati nasibu. Wakati huo bei ilikuwa dola 850, 950 na 1,050 kulingana na daraja. Zimepanda tangu hapo, kwa hiyo angalia tangazo lao la sasa.

Ya pili ni duka au mnada. Hapo unalipa zaidi, ila unaishika bastola mkononi kabla ya kulipa.

Ya tatu ni leseni ya mkusanyaji wa silaha za kale. Ni dola 30 kwa miaka mitatu, na inahusu silaha zenye umri wa miaka 50 na zaidi. Jimbo likiruhusu, silaha inaletwa mlangoni kwako, nawe unatakiwa kuandika kila moja kwenye daftari ambalo serikali inaweza kulikagua. Ni leseni nzuri kwa atakayeendelea kukusanya Makarov, Tokarev na nyinginezo. Kwa M1911 ya CMP haikusaidii, hawaikubali.

Ukiniuliza mimi, mwenye uraia na subira aende CMP. Zao zimekaguliwa na kufyatuliwa kwa majaribio, na karatasi zinaonyesha imetoka wapi. Mnadani nimeona bastola iliyong'arishwa upya ikiuzwa kama ya vita vya pili.

Hatua ya 3: Karatasi za CMP

Wanataka uthibitisho wa uraia (nakala ya pasipoti inatosha), uanachama wa klabu iliyosajiliwa nao, na ushahidi kwamba umewahi kushiriki mafunzo au mashindano ya shabaha. Klabu isikutishe, zipo za ada ndogo, na kozi ya siku moja ya usalama wa silaha mara nyingi inakidhi sharti la ushahidi. Utachagua pia duka lenye leseni karibu nawe, kwa sababu bastola haitumwi nyumbani. Zungumza na mwenye duka mapema, ujue na ada yake.

Rekodi zako zitapekuliwa mara mbili, kwanza na CMP, halafu na duka, zote kupitia mfumo wa FBI. Jibu la "subiri" si "hapana". Majina yetu ya Ali Hassan na Juma Said yanafanana na ya watu wengi, na mara nyingi ndiyo sababu.

Kuhusu madaraja: Service ni safi zaidi. Field ina mikwaruzo na vishimo vya kutu vya zamani. Rack inafanya kazi ila inahitaji matengenezo madogo. Kwa kulenga shabaha Jumamosi, Field inatosha kabisa.

Hatua ya 4: Ikague kabla ya kusaini

Iwe ya CMP au ya mnadani, omba meza na taa. Toa magazini (kibebeo cha risasi), vuta slaidi (sehemu ya juu inayoteleza) nyuma, tazama chemba, yaani tundu inapokaa risasi, kwa macho, halafu ingiza kidole uhakikishe. Mtutu uelekee upande salama muda wote.

Sasa vipimo, bastola ikiwa tupu. Ikoki (vuta nyundo nyuma), weka kufuli ya usalama ya dole gumba, vuta kifyatulio: nyundo isianguke. Ondoa kufuli, shika bastola bila kubana kile kibao cha usalama nyuma ya mshikio, vuta tena: nyundo isianguke pia. Kisha rudisha slaidi mbele mara kadhaa, ukiishikilia kwa mkono isijigonge kwenye chemba tupu. Nyundo ikiteleza na kufuata slaidi mbele, irudishe bastola kwa fundi bila mjadala.

Angalia mtutu kwa tochi. Vishimo vidogo ni kawaida kwa umri wake, lakini pete nyeusi iliyovimba ndani ina maana risasi iliwahi kukwama na nyingine ikafuata. Hiyo kataa, au dai punguzo la bei ya mtutu mpya. Pitisha ukucha kwenye slaidi, karibu na dirisha la kutolea maganda na kwenye tundu la kizuizi chake, kutafuta nyufa.

Hatua ya 5: Soma alama

Hapa mtu anaweza kupoteza jioni nzima, na mimi nazipoteza kwa hiari.

Namba ya silaha kwa kawaida iko kwenye fremu peke yake, yaani kiunzi cha chini chenye mshikio. Slaidi kwa kawaida haina namba hiyo. Kwa miaka mingi karakana za jeshi zilizifungua bastola, zikazioshea pamoja na kuziunganisha upya bila kujali nani ni ndugu wa nani. Ndiyo maana fremu ya Colt inaweza kubeba slaidi ya Remington Rand na mtutu wa kiwanda cha tatu. Muuzaji akikuambia "kila kitu ni cha asili", muulize amejuaje.

Katika vita vya pili viwanda vya ajabu viliingia kazini. Remington Rand walikuwa watu wa taipureta, wakatoa zaidi ya bastola 870,000. Union Switch & Signal walikuwa wa ishara za reli, na walitoa kama 55,000 tu. Na Singer, ndiyo, Singer wa cherehani za mafundi wetu wa Kariakoo, walitengeneza takriban 500. Ukikuta yenye jina la Singer mnadani, chukulia ni bandia mpaka mtaalamu aseme vingine.

Tafuta pia herufi ndogo za karakana: AA ni Augusta Arsenal, RIA ni Rock Island. Slaidi yenye namba ya kipuri 7790314 ni ya badala, ya baada ya vita, ngumu kuliko za mwanzo. Mkusanyaji atakunja uso akiiona, mlenga shabaha atafurahi. Slaidi za vita vya kwanza zilikuwa laini, na hizo mimi sizifyatui.

Hatua ya 6: Kuifungua na kuifyatua

Vaa miwani. Unapobonyeza kifuniko chini ya mdomo wa mtutu, springi ya nyuma yake inaruka hadi darini. Wakati wa kurudisha kizuizi cha slaidi nenda taratibu, maana kikiteleza kinaacha mchubuko wa upinde kwenye fremu, na kila mwenye M1911 atajua umeufanyaje.

Safisha kwa kiyeyushio na mafuta mepesi, basi. Msasa, rangi mpya, kung'arisha: usiguse. Ile kijivu iliyofifia ndiyo sehemu ya bei uliyolipa. Badilisha springi kubwa ya slaidi kwa mpya ya ratili 16, kwa sababu iliyochoka inaacha slaidi ipige fremu kwa nguvu. Ya zamani itie kwenye mfuko wenye namba ya bastola uiweke.

Tumia risasi mpya za kawaida, gramu 15 hivi, zilizofunikwa shaba. Zenye nguvu ya ziada, zinazoandikwa +P, waachie bastola za kisasa. Jaza risasi mbili kwanza, baadaye ndiyo saba. Kila baada ya magazini angalia maganda: yakivimba au yakipasuka, simama.

Hatua ya 7: Kuishi nayo

M1911 ya jeshi haina kizuizi cha pini ya kufyatulia. Ikianguka na mdomo chini huku kuna risasi chembani, inaweza kujifyatua. Kwa hiyo hii si bastola ya kutembea nayo kiunoni wala ya kuweka droo ya kitanda.

Nyumba zetu haziishi wageni: Idd, harusi, msiba, watoto wa watu kumi wakikimbia ngazini. Bastola ikae tupu ndani ya sefu, risasi zikae kwingine, ufunguo usiwe mahali mke wa mjomba anapojua. Usiihifadhi kwenye ala ya ngozi hata ikiwa ya kijeshi na ya kupendeza, kwa kuwa ngozi hushika unyevu na kuleta kutu. Weka vipakiti vya kunyonya unyevu na uvibadilishe kabla ya kiangazi.

Piga picha za pande zote na namba yake, nakala uziweke nje ya nyumba kwa ajili ya polisi na bima. Kwenda nayo likizo Dar au Mombasa kwenye begi usifikirie. Bila vibali vya pande zote mbili ni kosa kubwa huku na kule.

Na wosia. Ndugu aliyeko Tanga hawezi kurithi bastola hii kama anavyorithi shamba. Andika jina la mtu anayeishi Marekani na anayeruhusiwa kisheria, pamoja na jina la duka litakaloipokea endapo hayupo, tia karatasi hiyo kwenye bahasha, na mkeo au mumeo ampe mtu mnayemwamini, aiweke mbali na sefu.