Gari linatetemeka kwenye foleni: ipime injini kabla hujanunua mauntini

Mwongozo huu ni wa Toyota ndogo zenye injini iliyokaa kukingama, zile zilizojaa Dar: IST, Vitz, Spacio, Raum, Corolla. Upande wa kulia, wa dereva, kuna mauntini (kishikizo chenye raba) iliyobeba injini, mara nyingi yenye mafuta ndani yake. Upande wa kushoto ipo iliyobeba giaboksi. Chini kuna moja au mbili, ya nyuma na pengine ya mbele, ambazo kazi yake ni kuizuia injini isijipindue ukikanyaga mafuta.

Mtetemo unazaliwa kwenye injini. Mauntini inaumeza tu usifike kwenye bodi. Kwa hiyo ukibadilisha mauntini zote huku silinda moja haichomi, pesa imebaki kwenye maduka ya spea ya Gerezani na gari linatikisika vilevile.

Hatua ya 1: Jua linatetemeka lini

Pasha injini mpaka feni iwake na kuzima mara moja, AC ikiwa imezimwa. Sikiliza kwenye N, kisha D umekanyaga breki, kisha R. Likitetemeka kwenye D na kutulia kwenye N, mauntini zinashukiwa, au sailensi (mizunguko ya injini ukiwa hujakanyaga mafuta) imeshuka mno. Likitetemeka kote sawasawa, injini inashukiwa kumisi, yaani kuna silinda haichomi vizuri. Mtetemo wa usukani unaoanza kilomita 80 kwa saa na kuendelea upeleke kwa fundi tairi akapige balansi, huku hauhusiki.

Hisi pia kasi ya mtetemo wenyewe. Injini ya silinda nne kwenye mizunguko 700 kwa dakika inachoma mara 1,400, yaani kama mara 23 kwa sekunde. Mauntini ikichoka, hiyo ndiyo unayoisikia kwenye kiti na dashibodi: mvumo wa haraka, vioo vinazizima. Silinda moja ikifa, pengo lake linajirudia karibu mara 6 kwa sekunde. Huo ni mtikiso wa polepole, na ukishika bomba la ekzosi kwa nyuma kwa kitambaa unausikia mkononi. Ukishautofautisha mara moja hutauchanganya tena.

Sasa washa AC. Ikiwa mtetemo unakuja na kuondoka pamoja na feni ya rejeta, tazama panga la feni lililovunjika au mipira ya rejeta. Watu wengi wa Dar hawazimi AC kabisa, ndiyo maana kosa hili la feni hubebeshwa injini.

Hatua ya 2: Iondolee injini lawama

Injini ikiwa sailensi, chomoa soketi ya nozeli moja (kile kinachopulizia petroli kwenye silinda), sikiliza, rudisha, nenda inayofuata. Ukichomoa na injini ikayumba, silinda hiyo ilikuwa inafanya kazi. Usipoona badiliko lolote, umeipata iliyolala. Mafundi wengi huchomoa koili, ile inayoipa plagi umeme, badala ya nozeli. Chomoa nozeli. Ukikata koili, petroli inaendelea kumwagwa bila kuchomwa na inaenda kuunguza katalitiki, kisafisha moshi cha kwenye ekzosi. Kama nozeli hazifikiki, basi koili, lakini isizidi sekunde chache.

Zima injini, hamishia koili ya silinda iliyolala kwenye silinda nyingine. Ugonjwa ukihama nayo, koili ndiyo mbovu. Ukibaki pale pale, badilisha plagi, halafu angalia nozeli, halafu pima kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda). Mashine ya kusoma kodi za hitilafu ikionyesha P0301 hadi P0304, tarakimu ya mwisho ni namba ya silinda, na kwa injini hizi namba 1 iko upande wa mnyororo wa taiming, yaani upande wa dereva.

Hatua ya 3: Hewa

Safisha throto bodi, mlango wa kuingizia hewa kwenye injini. Kisha likunjue bomba la mpira kati ya sensa ya hewa na throto, uangalie ndani ya mikunjo yake. Mauntini iliyokatika inaiacha injini icheze, injini inalivuta bomba hili kila unapoondoka kwenye taa, na mwishowe linapasuka. Hewa isiyopimwa inaingia, sailensi inayumba, mtetemo unaongezeka. Ukilikuta limepasuka, libadilishe, lakini tayari umepata ushahidi wa mauntini.

Hatua ya 4: Pima mauntini

Vuta handibreki, weka vigingi kwenye magurudumu, kanyaga breki mpaka mwisho. Anayetazama asimame ubavuni. Mbele ya gari asisimame mtu yeyote. Weka D, panda taratibu mpaka mizunguko 1,500, hesabu tatu, achia. Pumzisha nusu dakika, kisha R. Usizidishe, oili ya giaboksi inachemka haraka.

Injini kusogea kidogo ni kawaida. Ikiruka sentimita tatu au ukasikia "dup", kuna iliyokatika. Kwenye D kichwa cha injini kinaegemea nyuma na sehemu ya mbele inanyanyuka, hivyo mpasuko wa mauntini ya mbele unafunguka. Kwenye R inakuwa kinyume, na ya nyuma ndiyo inayovutwa. Simu ikirekodi kwa mwendo wa polepole inaonyesha vizuri kuliko jicho.

Jaribio hili halitoshi kwa ile ya kulia. Inaweza isiruke hata kidogo na ikawa imekufa, kwa sababu mafuta yameshavuja na imekalia chuma chake. Tafuta alama nyeusi za mafuta kwenye bodi chini yake. Kisha weka jeki na mbao chini ya injini, inyanyue kidogo sana, sentimita moja au chini yake, injini ikiwa sailensi na hakuna mtu chini ya gari. Mvumo ukipungua palepale, ni hiyo.

Hatua ya 5: Kununua

Nenda na namba ya chasisi na mauntini ya zamani mkononi. Ya mtumba kutoka Japani inaweza kuwa na raba yenye umri sawa na hiyo unayoitoa. Kwa ile ya mafuta, ya mtumba usiinunue kabisa. Kopi yenye raba ngumu inazuia injini isicheze lakini inapitisha mvumo wote. Ukishauriwa kujazia ya zamani kipande cha tairi, kataa.

Hatua ya 6: Kufunga

Kulegeza boliti kunajulikana. Kwa gari la Kigamboni au Kunduchi zimeliwa na chumvi ya bahari, zipulizie dawa ya kutu usiku wa kuamkia kazi. Jeki isiguse sampu (karai la oili chini ya injini) bila mbao pana: sampu ikibonyea inaweza kuziba chujio la oili lililo ndani yake.

Kinachoharibu kazi hii ni ukazaji. Fundi anafunga ya kulia, anaikaza mpaka mwisho, injini bado imening'inia kwenye jeki. Halafu ya nyuma haioani na tundu lake, anaisukuma kwa mtaimbo, boliti inaingia, anakaza. Raba imebaki imepindwa. Raba iliyopindwa haina nafasi ya kucheza, na gari linatetemeka kuliko lilivyokuja. Mwenye gari analaumu spea, ananunua nyingine, zinafungwa vilevile.

Fanya hivi. Badilisha moja moja, usitoe zote kwa pamoja. Ingiza kila boliti kwa vidole nyuzi kadhaa kabla ya kugusa spana. Isipoingia, sogeza injini kwa jeki na usilazimishe. Boliti zikishaingia zote, shusha injini, ondoa jeki kabisa, gari lisimame kwa magurudumu yake. Boliti zinazoshika mabano kwenye bodi na injini zikaze. Boliti za katikati, zinazopita ndani ya raba, ziache zimeshika tu, zikiwa zimelegezwa mzunguko mmoja. Tikisa injini mbele na nyuma kwa mikono. Iwashe kwenye N nusu dakika, zima. Usiingize gia boliti zikiwa zimelegea. Hapo injini imejitafutia mahali pake. Kaza kwanza ya kulia na ya kushoto zilizobeba uzito, mwisho ya nyuma na ya mbele. Ukiitazama, boliti ya katikati ikae katikati ya raba, isiegemee upande.

Kama mvumo upo bado na vyote vimefungwa sawa, shika bomba la ekzosi: likigusa bodi au mpira wa kuning'inizia umekatika, linavumisha gari zima. Baada ya wiki moja ya foleni, pitia boliti zote tena kwa spana.