Renda fremu moja moja, usirende video nzima

Kurenda ni kompyuta kutengeneza picha za mwisho za animesheni, na kila picha ni fremu. Ukirenda animesheni moja kwa moja kuwa faili la video la MP4, umeme ukikatika baada ya fremu ya 200 kati ya 240, mara nyingi faili zima halifunguki tena. Toa picha za mfuatano badala yake: kompyuta ikizimika, unaendelea kutoka fremu ya 201.

Kwa grafiki za kawaida zenye mandharinyuma ya uwazi (yanayoonyesha kilicho nyuma), aina ya faili la picha ya PNG inatosha. Kama utaunganisha athari za moto, mwanga au moshi baadaye, chukua EXR, aina nyingine ya faili la picha. Inahifadhi mwanga uliozidi weupe wa skrini, kwa hiyo ukipunguza mwangaza, mwali wa moto unarudi na rangi zake. Kwenye PNG hapo hubaki doa jeupe tu. Inakula diski, ndiyo, lakini diski ni rahisi kuliko kurenda upya usiku kucha.

Kwenye Blender, programu ya animesheni za 3D, ondoa tiki ya Overwrite (kuandika juu ya faili zilizopo) na uweke ya Placeholders (faili tupu za kushikilia nafasi ya fremu inayorendwa). Hapo kompyuta mbili zinazotumia folda moja zitagawana kazi, kila moja ikiruka fremu ambazo nyingine imeshachukua. Wengi hawaijui hii, nami sielewi kwa nini.

Kuziunganisha picha ziwe video, programu ya FFmpeg ni ya bure. Ila andika kasi ya fremu (fremu ngapi kwa sekunde) mwenyewe kwenye amri, kabla ya jina la faili la kuingiza. Usipoandika, inachukua 25 kwa sekunde, na kazi ya fremu 24 kwa sekunde yenye sekunde 10 inaisha kwenye 9.6, sauti ikiwa bado inaendelea.